Klachi imekwisha: seti mpya, pleti peke yake, kuvisha lainingi, au ya Japani iliyotumika?

Gari la gia za mkono likianza kunguruma bila kwenda, mwenye gari wa Malindi hutajiwa njia nne. Anunue seti nzima mpya, yaani pleti, presha pleti na beringi. Anunue pleti peke yake. Apeleke pleti yake ya zamani ikavuliwe lainingi iliyokwisha, yaani lile tabaka linaloshika, na kuvishwa nyingine. Au atafute seti iliyotumika, iliyofunguliwa kwenye gari la Japani. Bei za njia hizi zimeachana mno, kwa hiyo wengi huamua kwa kutazama bei ya spea na basi. Hapo hesabu huharibika. Kazi kubwa ya klachi ni kushusha giaboksi na kuipandisha, na jasho hilo ni lile lile hata ukirudisha pleti ya namna gani. Ukikosea chaguo utalilipa mara mbili.

Lakini kabla ya kuchagua, hakikisha klachi yenyewe ndiyo iliyokwisha. Giaboksi nyingi hushushwa kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa mpira mdogo wa silinda.

Inavyobana na inavyoachia

Flaiwili, gurudumu zito la chuma, imefungwa nyuma ya kranki shafti, yaani shafti kuu ya injini, nayo huzunguka wakati wote injini inapowaka. Presha pleti imefungwa juu yake kwa bolti, nayo huzunguka pamoja nayo. Katikati yao imekaa klachi pleti, ambayo haikufungwa popote: tundu lake lenye meno limevaa shafti inayoingia kwenye giaboksi, na hapo huteleza mbele na nyuma. Ndani ya presha pleti mna springi bapa yenye vidole vinavyoelekea katikati. Springi hiyo ndiyo inayoibana pleti dhidi ya flaiwili, na pleti ikibanwa, nguvu ya injini inapita kwenda giaboksi na magurudumu.

Ukikanyaga pedali, kebo au mafuta ya breki husogeza uma, uma husukuma beringi, beringi hukandamiza ncha za vidole, springi hupinduka kwenye egemeo lake, na ukingo wake wa nje huivuta presha pleti nyuma. Mwendo wote wa presha pleti ni milimita moja hadi mbili tu. Ndiyo maana kitu kidogo kinachoiba mwendo wa pedali, iwe hewa kwenye mafuta ya breki, kebo iliyorefuka au uma uliolika, hutosha kuifanya gia ikatae kuingia.

Pleti nayo si lainingi tu. Kati ya lainingi zake mbili mna vibati vyembamba vilivyokunjwa mawimbi. Hivyo hubonyea kidogo wakati wa kuachia ili gari liondoke taratibu bila kuruka. Na kuzunguka tundu la katikati mna springi nne au zaidi zinazopokea mishtuko ya injini. Kumbuka vibati na springi hizi, maana ndivyo vinavyosahaulika kazi inapofika kwa mvisha lainingi.

Kupima kabla ya kushusha chochote

Kuteleza hupimwa hivi. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono barabara, hakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma. Tia gia ya nne, pandisha injini kiasi kama mizunguko 2,000 kwa dakika, kisha achia klachi taratibu. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kuzunguka huku gari limesimama, inateleza. Fanya mara moja tu, kwa sababu kila sekunde ya jaribio hilo inaichoma pleti. Barabarani dalili huonekana kwenye mwinuko, kwa mfano ukipanda kwenda Marafa na mzigo: unakanyaga mafuta, sauti ya injini inapanda, mwendo haupandi, na baadaye inakuja harufu ya kuungua.

Kutoachia ni ugonjwa mwingine kabisa. Kanyaga pedali mpaka chini, subiri sekunde tano, halafu tia rivasi. Ikikwaruza, pleti bado inazungushwa. Hapa usikimbilie giaboksi. Tazama kwanza kikopo cha mafuta ya breki, masta silinda na silinda ya chini kwenye giaboksi. Vuta mpira wa vumbi wa silinda ya chini: ukikuta unyevu ndani, sili yake, yaani raba inayozuia mafuta yasivuje, imekufa. Pedali ikizama na kubaki chini, au ikipata nguvu baada ya kupigwa mara mbili tatu, ni hewa au sili. Badilisha raba, jaza mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema, toa hewa, na kazi imekwisha bila jeki. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani, na hewa ya pwani yetu haina upungufu wa unyevu. Yabadilishe kila miaka miwili. Usijaze kamwe mafuta ya injini au ya steringi, hata kwa dharura ya kufika Gongoni: raba zote zitafura.

Gari lenye kebo lina tabia yake. Kadiri lainingi inavyolika, vidole vya springi husogea kuifuata beringi, na ule mchezo wa pedali, yaani nafasi ya juu ambapo pedali inakwenda bila uzito, hupungua. Ukiisha kabisa, beringi inakandamiza vidole muda wote na klachi inateleza ingawa lainingi bado ipo. Kulegeza nati ya kebo kunaweza kukuongezea miezi. Magari mengi hutaka mchezo wa milimita 5 hadi 15 au zaidi kidogo kwenye pedali. Kitabu cha gari ndicho mwamuzi. Klachi ya mafuta hujirekebisha yenyewe, na kwa hiyo haitoi onyo hilo.

Makelele nayo yana lugha. Kelele inayoanza unapokanyaga pedali ni beringi ya klachi. Kelele inayosikika gari likiwa nyutro na mguu umeachia, kisha ikapotea unapokanyaga, ni beringi ya shafti ndani ya giaboksi. Hiyo seti mpya ya klachi haitaiponya.

Kuna na ugonjwa wa hapa kwetu hasa. Magari ya wageni na ya hoteli yanayolazwa tangu mvua za masika, kusi ikivuma na hewa ya chumvi ikiingia kila upenyo, huamshwa miezi mitatu baadaye na gia haiingii hata moja. Lainingi imeshikana na flaiwili kwa kutu. Pasha injini moto, izime, nenda mahali palipo wazi pasipo watu, tia gia ya kwanza, kanyaga klachi na kuwasha. Gari litaondoka nalo. Endelea kukanyaga klachi huku ukipanda na kushuka na mafuta, mguu mwingine tayari kwa breki. Mara nyingi hubanduka. Ikikataa, ndipo ushushe.

Seti nzima mpya

Hapa maelezo ni mafupi. Pleti, presha pleti na beringi vimetengenezwa kukaa pamoja, vyote vinaanza sifuri, na giaboksi ikipanda leo hakuna kipande cha zamani kinachosubiri kufa mwezi ujao. Kwa gari la kazi ya kila siku, matatu ya Mombasa yenye kilomita 120 za kwenda na nyingine za kurudi, au Probox ya Watamu, hili ndilo chaguo letu bila kusita.

Tatizo lake ni moja: boksi. Jina kubwa lililochapishwa juu ya boksi si ushahidi. Toa pleti uitazame. Ribiti zote, yaani misumari inayoshikilia lainingi, ziwe zimezama sawasawa chini ya uso wa lainingi, springi za katikati zisichezecheze mkononi, tundu la meno liteleze juu ya shafti bila kukwama na bila kutikisika. Vidole vya presha pleti viwe usawa mmoja. Tofauti kati ya kidole na kidole ikizidi nusu milimita, irudishe dukani. Beringi izunguke kimya, bila kukwaruza. Muuzaji asiyekuruhusu kufungua boksi kaunta amekwisha kukuambia unachohitaji kujua.

Pleti mpya peke yake

Hii ndiyo njia ya katikati, na ndiyo inayodanganya zaidi. Mtu anaona lainingi ndiyo iliyokwisha, basi anabadilisha iliyokwisha. Inawezekana, lakini kwa masharti, na masharti hayo hupimwa kwa chombo, si kwa jicho.

Chukua presha pleti uliyoifungua. Weka rula ya chuma juu ya uso wake unaoshika pleti: ukiona mwanga katikati, imepinda kwa joto. Mabaka ya buluu au meusi ni chuma kilichoungua kikawa kigumu. Pleti mpya itarukaruka juu yake na kuliwa haraka. Mistari midogo kama nywele ni nyufa za joto. Kisha geuza utazame ncha za vidole, pale beringi inapogusa. Vitabu vya Toyota huruhusu mfereji wa kina kisichozidi milimita 0.6 na upana usiozidi milimita 5. Ukizidi hapo, springi haina tena mwendo wake kamili.

Presha pleti ikipita vipimo vyote hivi, na pleti iliharibika kwa sababu inayojulikana, kwa mfano ililoa mafuta kutoka sili ya nyuma ya injini ikiwa bado nene, basi pleti peke yake ni uamuzi wa busara. Lakini kama pleti ya zamani imelika mpaka ribiti, presha pleti imefanya kazi umri huo huo, springi yake imechoka umri huo huo, na kwa kawaida ribiti zimeichora. Kuiacha hapo ni kuiozesha pleti mpya kwa mzee.

Beringi usiiache kamwe, hata iwe kimya. Ndicho kipande cha bei ndogo zaidi kwenye seti na kukifikia kunataka giaboksi nzima ishuke. Na usiioshe kwa petroli ukidhani unaisafisha: grisi imefungiwa ndani yake, petroli huingia ikaitoa, na itaanza kulia baada ya wiki chache.

Kuvisha lainingi

Ufundi huu una heshima yake. Mvishaji hukata ribiti za zamani, huondoa lainingi iliyokwisha, husafisha vibati, hupigilia lainingi mpya kwa ribiti za shaba au alumini, na ukipata mwenye mkono, kazi hudumu. Tingatinga na matrekta ya mashamba ya Magarini, Land Rover za zamani za kwenda porini, malori ambayo pleti yake haipatikani dukani kwa wiki kadhaa: hao wote hufanya vizuri kuvisha. Pleti zao ni kubwa na nene, injini zao huzunguka polepole, na gari likilala kungoja spea hasara ni kubwa kuliko kasoro ndogo ya pleti.

Gari dogo ni habari nyingine. Injini ya Probox huzunguka haraka, pleti yake ni nyembamba, na makosa manne hujirudia.

La kwanza ni unene. Pleti nyingi za magari madogo zikiwa mpya huwa karibu milimita 8. Lainingi nene kupita hapo inabadilisha mahali vidole vya springi vinapokaa, na gari linatoka gereji gia zikikataa. Lainingi nyembamba inakwisha mapema. Pima kwa kalipa, chombo cha kupimia unene, sehemu tatu za duara, na tofauti isionekane.

La pili ni vibati vya mawimbi. Pleti iliyoungua imevilainisha vikawa bapa. Lainingi mpya juu ya vibati bapa inashika ghafla, na gari huruka kila linapoondoka, hasa mwenye gari akiwa na abiria kwenye foleni ya sokoni. Mvishaji akikuambia vibati vyako vimekufa na huwezi kupata vingine, msikilize. Hana sababu ya kujinyima kazi.

La tatu ni ribiti. Kichwa cha ribiti kisipozama vya kutosha kitagusa flaiwili mapema. Toyota hutaka pleti itupwe kina cha ribiti kikibaki milimita 0.3. Pleti iliyovishwa ikianza na kina cha milimita moja ina maisha. Ikianza na nusu milimita imeanza uzeeni.

La nne ni springi za katikati, ambazo hakuna anayezigusa. Zikiwa zimelegea zitagonga gari likiwa nyutro, na siku moja mojawapo itatoka kwenye kiota chake na kukwama kati ya pleti na presha pleti. Hapo klachi haiachii kabisa.

Jambo moja la afya. Lainingi za zamani, na baadhi ya zile zisizo na jina, huweza kuwa na asbesto. Vumbi jeusi lililo ndani ya ganda la giaboksi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Lifute kwa kitambaa kilicholowa, ufunge pua na mdomo, na mtoto wa gereji asipewe kazi hiyo akiwa kifua wazi.

Ya Japani iliyotumika

Watu huipenda kwa sababu ni ya kiwandani, na mara nyingine ni kweli kwamba lainingi ya asili iliyotumika kidogo inaishinda mpya ya bandia. Kwetu hii ni njia ya pili kwa ubora pale tu inapokuja ikiwa seti kamili kutoka gari moja, pleti na presha pleti zikiwa bado zimefungwa pamoja kwenye flaiwili yake. Hapo unaona alama za kulika kwa pande zote mbili zikilingana. Ikija pleti iliyotolewa gunia hili na presha pleti kutoka gunia lile, bora uvishe lainingi yako.

Pima kina cha ribiti, nusa kama ina harufu ya kuungua, tazama kutu kwenye meno ya katikati, na usinunue yenye doa la mafuta hata muuzaji aape kwamba yataoshwa. Lainingi hunyonya mafuta. Ukiosha uso, joto la kwanza litayatoa tena. Beringi nunua mpya.

| | Kinachobaki cha zamani | Hatari kuu | Inamfaa nani |
|---|---|---|---|
| Seti mpya | Flaiwili tu | Boksi la bandia | Gari la kazi ya kila siku |
| Pleti na beringi | Presha pleti | Kuruka, springi kuchoka | Pleti iliyoloa mafuta ikiwa bado nene |
| Lainingi ya kuvishwa | Vibati, springi, presha pleti | Kushika ghafla, ribiti | Trekta, lori, gari lenye spea adimu |
| Ya Japani | Vyote ila beringi, umri usiojulikana | Vipande visivyo vya gari moja | Gari la matumizi madogo |

Hesabu kwa mfano

Tufanye tarakimu za kubuni, wewe uweke za kwako. Tuseme kushusha na kupandisha giaboksi ni shilingi 5,000, kuvisha lainingi 2,500, na seti mpya 12,000. Kuvisha jumla yake ni 7,500, seti ni 17,000. Seti ikidumu miezi 36, kila mwezi umekula shilingi 472 hivi. Lainingi ikidumu miezi 8, kila mwezi umekula karibu 940. Ili kuvisha kulingane na seti, lainingi lazima ifike miezi 16. Kwa lori linalobeba mawe ya kujengea humu humu mjini, lenye pleti nene, yawezekana. Kwa matatu, haiwezekani, na hapo hatujahesabu siku ambayo gari limelala gereji na dereva na makanga wamekaa barazani.

Hesabu hiyo hugeuka kama unauza gari mwezi ujao. Lakini basi mwambie mnunuzi.

Flaiwili, ambayo haikutajwa kwenye bei

Uso wa flaiwili ndio nusu ya klachi, nao hauji kwenye boksi. Ukiwa na mifereji, mabaka ya buluu au nyufa ndogo, peleka ikakerezwe. Mkerezaji aondoe kidogo iwezekanavyo, na kama flaiwili ina ngazi, yaani sehemu ya bolti iko juu au chini ya uso wa pleti, lazima akereze zote mbili kiasi kile kile. Akikereza uso wa pleti peke yake, presha pleti itakaa mbali na springi haitabana sawasawa. Ndipo utaona klachi mpya inateleza siku ya kwanza na lawama zinamwangukia muuzaji wa spea. Baadhi ya dizeli za siku hizi zina flaiwili ya vipande viwili vyenye springi ndani. Hiyo haikerezwi. Ikilegea hubadilishwa.

Kama flaiwili iko wazi, tazama sili ya nyuma ya kranki. Unyevu wowote, ibadilishe sasa. Tofautisha mafuta kwa pua: ya giaboksi yana harufu kali ya kiberiti, na yakiwa ndiyo yaliyovuja, sili mbovu ni ya shafti ya giaboksi.

Kuagiza bila kukosea

Duka la Malindi lisipokuwa nayo, utaagiza Mombasa na itakuja na gari la abiria, kwa hiyo kosa la kipimo ni siku mbili. Usitaje jina la gari pekee. Gari moja lenye jina moja hubadilishiwa injini, na baadhi yamekwisha kupewa giaboksi za magari mengine. Pima kipenyo cha pleti ya zamani (kwa Toyota utakutana na milimita 200, 212, 224, 236 na kuendelea), hesabu meno ya tundu la katikati mara mbili, pima kipenyo cha shafti, na tuma picha ya pande zote mbili. Pleti ya 212 huingia kwenye presha pleti ya 224 bila kulalamika na itabana, ila sehemu ya kushika imepungua, nayo itaungua mchangani.

Kufunga: palipo na makosa

Osha uso wa presha pleti mpya, maana hupakwa mafuta ya kuzuia kutu kiwandani. Tumia dawa ya kusafishia breki au thina na kitambaa safi, usishike lainingi kwa mikono ya grisi. Meno ya shafti yapake grisi ya joto kali, kidogo sana, kisha telezesha pleti mbele na nyuma na ufute iliyojitokeza. Grisi ya ziada itarushwa kwenye lainingi.

Upande wa pleti uangaliwe kabla ya bolti ya kwanza. Kwa kawaida upande wenye springi zilizojitokeza hutazama giaboksi, na pleti nyingi huandikwa upande wa flaiwili. Ikigeuzwa, katikati ya pleti hugonga bolti za flaiwili na klachi haiachii.

Ingiza pini ya kusawazishia, au shafti kuukuu ya aina ile ile, halafu kaza bolti za presha pleti kwa kuvuka, kidogo kidogo, raundi tatu. Kwenye Toyota nyingi zenye bolti za milimita 8 kipimo ni nyutonimita 19, ambacho ni kidogo kuliko mkono wa fundi mwenye hasira. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho kwanza, ganda la presha pleti linapinda na vidole havilingani tena.

Giaboksi inapopanda isiachwe ikining'inia kwenye pleti hata dakika moja. Uzito wake wote unakuwa kwenye lile tundu la meno, na pleti mpya inapinda bila mtu kuona. Mwenye gari atagundua kwenye rivasi. Weka jeki ya pili, au watu wawili, na isogee yenyewe mpaka uso uguse uso. Usiivute kwa bolti. Kwa magari ya kuvuta mbele, ukichomoa draivu shafti mafuta ya giaboksi yanamwagika. Kwa Probox ni karibu lita 2 za 75W-90, na kupanda gari bila kuyarudisha kumewahi kuua giaboksi nzima kwa safari fupi tu.

Tuktuk na bodaboda

Huku njia nne hazipo. Klachi ya bodaboda, na ya tuktuk nyingi, ni pleti kadhaa ndogo zilizopangwa pamoja, zinazoogelea ndani ya mafuta ya injini. Hazivishwi. Chaguo ni kati ya kubadilisha pleti za lainingi peke yake na kubadilisha pamoja na pleti za chuma na springi. Pima unene kwa kalipa na ulinganishe na kitabu. Pleti za chuma zilizogeuka buluu zitupwe. Pleti mpya ziloweshwe mafuta safi ya injini kabla ya kupangwa, la sivyo zinaungua zikiwa kavu dakika za mwanzo.

Na kabla ya kununua chochote, tazama chupa ya mafuta. Mafuta ya gari dogo yenye viongezi vya kupunguza msuguano hufanya klachi ya pikipiki iteleze ingawa pleti ni nzima. Tafuta alama ya JASO MA au MA2 kwenye chupa. Badilisha mafuta, endesha siku chache, halafu ndipo uamue.

Tukirudi kwa gari, kilomita 500 za kwanza za klachi mpya zipite bila kuvuta mashua kutoka ufukweni wala kupanda mchangani na mzigo kamili. Ukilazimika kuingia mchangani, punguza upepo wa magurudumu kwanza kuliko kuwa nusu klachi. Baada ya wiki, pima tena mchezo wa kebo, au tazama kiwango cha mafuta kwenye kikopo, na chungulia tundu dogo chini ya ganda la giaboksi. Likiwa kavu, endelea. Likidondosha, rudi gereji siku hiyo hiyo, lainingi ikiwa bado haijanywa.